Mazoezi ya Joto

Habari kwamba familia ya Flavian inapelekwa Msumbiji ilienea mtaa wa Malangali, Sumbawanga, kabla Kristiana, mke wake, hajaisikia. Aliipata sokoni kutoka kwa mama anayemuuzia migebuka. Yule mama aliacha samaki wake, akamshika mkono kwa uchungu, akasema, "Pole, mama Viki. Mungu atawatangulia."

Kristiana akadhani amefiwa. Alirudi nyumbani karibu kwa mbio, na akamkuta Flavian uani, mzima kabisa, anapiga randa ubao huku anaimba. Alikuwa amevaa sweta juu ya shati na koti juu ya sweta, kwa sababu upepo wa Sumbawanga asubuhi hauna urafiki na mtu. Flavian alikuwa mzaliwa wa Mpui, fundi seremala, tena katekista wa parokia, mtu mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Furaha ikimjaa, haikai ndani.

"Nilitaka nikuambie leo jioni," alisema alipoona uso wa mkewe. "Kwa utaratibu."

"Utaratibu gani, wakati muuza samaki anajua?"

"Nilimwambia mama peke yake."

Kristiana akatua kapu lake la sokoni. Mama mkwe wake, bibi Mary, aliishi nao ua mmoja, na neno likishaingia kwenye sikio lake lilikuwa limeshafika stendi ya mabasi.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Padri Eustace, aliyewahi kufanya kazi Msumbiji miaka mingi, alikuwa ameombwa na wenzake wa huko atafute familia ya walei iliyo tayari kwenda kuishi katika parokia moja changa nje ya mji wa Tete. Mume angefundisha makatekista, na vijana wangejifunza useremala kwake. Mke angekaa na akina mama. Wangeondoka Januari, wakae miaka mitatu. Padri alimtaja Flavian, na Flavian alikubali hata kabla padri hajamaliza kueleza.

Kristiana hakukataa. Katika ndoa yao alikuwa amejifunza kwamba ukimpinga Flavian usoni ndipo anapopata nguvu. Alisema tu, "Tuombe," kisha akaingia jikoni kukoroga uji wa ulezi, na uji ukashika chini siku hiyo.

Hakuwa mvivu wa mambo ya Mungu. Alishona mavazi ya kwaya, akakesha na wagonjwa hospitalini, akapika kwenye misiba ya watu asiowajua vizuri. Lakini hayo yote aliyafanya mahali ambapo hata mtoto wa miaka minne angeweza kusema yeye ni mke wa nani na shamba lake la mahindi linaanzia wapi. Hakuwahi kuwa mgeni mahali popote. Alipojifikiria amesimama sokoni Tete, hajui hata kuuliza chumvi, aliogopa. Hilo hakumwambia mtu.

Jumamosi padri Eustace alianza kuwafundisha Kireno. Walikaa sebuleni, Flavian mbele kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, Kristiana pembeni na ushonaji wake, na binti yao Victoria, aliyekuwa amemaliza mtihani wa darasa la saba na hana la kufanya, katikati yao. Bibi Mary naye alivuta kigoda. Alisema anasikiliza tu.

"Mwanaume akishukuru husema *obrigado*," padri alieleza. "Mwanamke, *obrigada*."

"Obrigada!" bibi Mary alidakia kabla ya wote.

Padri alicheka, kisha akasogeza kikombe chake cha chai na kusema jambo ambalo, bila yeye kujua, lilibadilisha mambo yote. "Lugha mtaipata. Kitu kitakachowasumbua ni joto. Tete kuna joto, jamani. Mimi nilikuwa nalowesha shuka ndipo nilale."

"Joto ni joto tu, Padri," Flavian alisema. "Unavua sweta, maisha yanaendelea."

Kristiana alimtazama mumewe, ambaye hutokwa jasho akinywa uji. Akakumbuka harusi moja ya ndugu yao kwenye joto la bonde la Rukwa, ambako Flavian aliaga kabla ya keki kukatwa, eti amekumbuka kazi ya kanisa. Wazo likamjia.

"Basi tujaribu kwanza," alisema kwa upole. "Mwezi wa kumi tushuke bondeni, Mtowisa, tukakae kama tutakavyokaa kule. Nyumba ya watu, maji ya watu, tusijulikane. Tukiliweza joto la Mtowisa, la Tete tutaliweza."

Padri alipiga paja lake. "Hiyo ni akili!"

"Mnaona mke niliyepewa?" Flavian alisema, akitazama huku na huku kama vile sebule imejaa watu.

Kristiana aliinamia sindano yake. Alikuwa na hakika kwamba haitapita wiki kabla Flavian hajarudi Malangali mwenyewe kwa miguu yake, na Msumbiji itasahaulika bila ugomvi wowote ndani ya nyumba.

Jioni ile, wakiosha vyombo, Victoria alimwangalia mama yake kwa jicho la pembeni. "Mama, unataka baba ashindwe, ee?"

"Sugua sufuria."

Walishuka na Fuso la mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anakwenda kupakia mpunga. Barabara inapoanza kuteremka mlima Lyambalyamfipa, bonde lote la Ziwa Rukwa linajifunua mbele, limefifia kwa vumbi na mwanga, na hewa inabadilika kona kwa kona. Kona ya kwanza Kristiana alivua kitenge alichojifunga mabegani. Kona nyingine Victoria alivua sweta. Walipofika chini, hewa iliwapiga usoni kama wamesogelea tanuri la matofali. Flavian alikuwa bado na koti.

"Nitashukaje mbele za watu bila koti?" alisema, na jasho linamdondoka kidevuni.

Mwenyeji wao alikuwa mwanamke aliyeitwa Rahel, Msukuma ambaye wazazi wake walihamia bondeni na ng'ombe wao zamani. Alikuwa mjane, mkulima wa mpunga na kiongozi wa akina mama wa kigango. Aliishi na mama yake mzazi, bibi Milembe, kikongwe mwembamba mwenye macho makali asiyejua Kiswahili zaidi ya "karibu" na "hapana." Rahel aliwapa chumba, mikeka na ndoo, kisha akawaonyesha kisima.

"Hapa hatuna mambo mengi," alisema. "Mkiona tunafanya kitu, fanyeni."

Kristiana alilichukua neno hilo kama lilivyo, maana hakuwa na mpango mwingine. Rahel alipoamka giza likiwa bado nene, naye aliamka. Rahel alipokwenda majarubani, kwenye vitalu vyake vya mpunga, kusafisha matuta kabla ya mvua, naye alibeba jembe. Jua lilipoanza kuuma walirudi, wakala, na kijiji chote kikalala chini ya vivuli, hata mbuzi. Siku ya kwanza alijiona mvivu kulala mchana. Siku ya tatu alilala mpaka akaota.

Jua likipungua makali, yeye na bibi Milembe walikaa chini ya kibanda cha nyasi wakipepeta mchele na kutoa mawe. Hawakuwa na lugha ya pamoja, lakini bibi yule hakujali. Alishika ungo akataja jina lake. Akashika mchele akataja. Kristiana alirudia, na bibi akatikisa kichwa, akarudia tena polepole kama anayemlisha mtoto. Siku moja Kristiana alitamka neno fulani vibaya, bibi akaacha ungo, akajishika mbavu, akacheka mpaka machozi. Hakuishia hapo. Alinyanyuka na fimbo yake akaenda kwa jirani, na kutoka kule kikasikika kicheko kingine.

"Nimesema nini?" Kristiana alimuuliza Rahel.

"Ulitaka kusema mchele umekwisha."

"Na nimesema nini?"

Rahel alijizuia kidogo. "Umesema wewe ndiye umekwisha."

Kristiana alicheka kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Nyumbani, uani kwao, kicheko cha namna ile kingeulizwa maswali na mawifi. Hapa hakuna aliyegeuka. Hapa hakuwa mke wa katekista wala mkwe wa bibi Mary. Alikuwa mwanamke aliyekuja, anayejitahidi, na watu walionekana kumpenda kwa hilo tu. Asubuhi alimsalimia bibi Milembe, "Mwangaluka," na bibi alimwitikia kwa heshima zote, kama vile anamsalimia mtu aliyezaliwa pale.

Flavian yeye alikuwa ameshuka na saa za Sumbawanga. Aliamka jua limeshapanda, akanywa chai ya moto, akatoka na koti. Alitangaza mafundisho ya dini saa saba mchana, kwa sababu ndiyo saa aliyozoea. Siku ya kwanza walikuja yeye na kuku mmoja. Siku ya pili watu walikuja kwa adabu, wakakaa, na kabla hajafika kwa Ibrahimu wote walikuwa wamelala. Alijitolea kutengeneza mabenchi ya kanisa, akapiga randa juani adhuhuri, mpaka mgongo wote ukajaa vipele. Koti alilivua, kisha shati, na bado haikusaidia.

Kristiana alimpaka maji ya mwarobaini usiku. Yale aliyoyatabiri yalikuwa yanatokea moja baada ya jingine, na alingoja kufurahi.

Wiki ya pili, mchana mmoja, bibi Milembe alizunguka nyuma ya nyumba akamkuta katekista ameketi ndani ya beseni kubwa la kuoshea mchele, magoti yamefika kidevuni, macho ameyafumba. Bibi hakushtuka. Alimtazama, akaenda kisimani, akarudi na ndoo, akammwagia maji yote kichwani kama anavyoogeshwa ndama mgonjwa. Kisha akamwambia neno moja kwa Kisukuma na kuondoka. Flavian hakujua maana yake, lakini lilimwingia.

Jioni alimwita mkewe. Walikaa juu ya gogo pembeni mwa uwanja, na Victoria akiwa karibu yao anapanga kuni.

"Mama Viki," Flavian alianza, na sauti yake ya kuita ng'ombe haikuwapo. "Mimi siendi Msumbiji."

Kristiana alisogea karibu naye.

"Nimeshindwa. Nitamwambia padri mwenyewe. Watu watacheka, wacheke. Mtu ambaye hawezi Mtowisa atafanya nini Tete?"

Hilo ndilo neno Kristiana alilolifuata kutoka mlimani. Alisubiri shwari ije, mzigo uanguke. Badala yake alijisikia kama mtu aliyeondolewa sahani mbele yake, na yeye ndiyo kwanza amenawa.

"Huwezi kukata tamaa kwa sababu ya jasho," alisema kwa ukali uliomshangaza.

"Si jasho tu. Nimekuwa kichekesho."

"Na mimi je? Bibi Milembe ametembeza neno langu kijiji kizima!"

"Wewe wanakupenda."

"Basi ukae ujifunze, wakupende na wewe! Siku hizi zote hujakaa na mtu hata mmoja. Unawafundisha tu, halafu unawakasirikia wakisinzia."

"Mbona unanigombeza? Nilidhani utanionea huruma."

Hapo Victoria, ambaye alikuwa amevumilia kadiri alivyoweza, aliweka chini kuni. "Lakini mama, si wewe ndiye uliyetaka baba ashindwe?"

 Mahali fulani ng'ombe walikuwa wanarudi zizini, kengele zao zikigongana. Flavian aligeuka taratibu akamtazama mkewe.

"Ni kweli?"

Kristiana aliangalia miguu yake yenye vumbi. "Ni kweli."

"Ulinileta huku nishindwe."

"Ndiyo."

"Sasa nimeshindwa. Mbona umekasirika?"

Alitaka kujibu haraka, lakini jibu lilikuwa kubwa kuliko alivyofikiri. "Kwa sababu mimi nimeweza, baba Viki," alisema mwishowe. "Niliogopa kuwa mgeni. Nilidhani nikitoka Malangali nitakuwa si mtu. Kumbe naweza kukaa na watu nisiowajua, nikacheka nao, nikala nao. Sikujua hilo juu yangu. Na sasa, nilipojua, ndiyo wewe unataka turudi."

Flavian aliinuka akaenda zake. Kristiana alimwona akipotea upande wa kisima. Victoria alianza kulia kimyakimya, akasema hakukusudia, na mama yake akamvuta akamkumbatia.

Giza lilikuwa linaanza kuingia Flavian aliporudi. Alikaa palepale kwenye gogo. "Tangu padri aniambie, kila siku nimekuwa nikimwomba Mungu akupe moyo wa safari," alisema. "Sikumbuki kama niliwahi kujiombea mimi." Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Kristiana akadhani analia, kumbe anacheka. "Huruma yako, mama Viki! Umenitoa kwenye baridi yangu, umenileta hapa kunikaanga!"

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa niambie, nifanye nini?"

"Kesho uamke ninapoamka mimi. Mengine utayaona."

Aliamka, akilalamika kila hatua. Aliingia majarubani kifua wazi, na akina mama wakamcheka jinsi anavyoshika jembe kama patasi. Mafundisho aliyahamishia alfajiri, watu wakielekea mashambani, mafupi, wakiwa wamesimama na majembe begani. Walikuwa macho, na wakauliza maswali mengi, mengine hakuwa na majibu yake. Mchana alilala kama wengine. Joto halikumwacha, na beseni aliendelea kuliazima, lakini sasa aliliomba mbele za watu, na Rahel alimpa pamoja na kata ya kujimwagia. Mabenchi aliyamalizia jioni jioni na vijana wawili waliokuja kutazama wakabaki kusaidia.

Siku ya kuondoka bibi Milembe aliwasindikiza mpaka lilipoegeshwa Fuso. Alimshika Kristiana mikono yote miwili, akasema maneno marefu ambayo Kristiana hakuyaelewa hata nusu. "Wabeja," Kristiana alijibu, asante, na safari hii hakukosea. Rahel alimwekea mchele kwenye mfuko. "Huko unakokwenda," alimwambia, "tafuta bibi mmoja mkali. Utakuwa salama."

Kupanda mlima, kila mtu alivaa tena alichovua. Malangali waliingia wakitetemeka, na Kristiana akajiandaa kwa lililo gumu zaidi, kumwambia mama mkwe wake kwamba kweli wanaondoka. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima. Alifungua mlango wa chumba chao na kukuta kitanda kisicho chao.

"Ni cha Vicent," bibi Mary alisema kutoka nyuma yake. Vicent alikuwa mdogo wake Flavian, aliyeoa mwezi mmoja tu uliopita. "Nimemwambia ahamie na mke wake. Vyenu nimevipanga sebuleni."

"Lakini mama, sisi tulikuwa hatujaamua!"

"Nyinyi. Mimi nilishaamua."

"Na kama tungesema hatuendi?"

"Mngelala sebuleni."

Kristiana alikaa juu ya kitanda cha Vicent, hajui acheke au akasirike. Bibi Mary alikaa karibu naye, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya.

"Unafikiri mimi ni wa hapa?" aliuliza. "Mimi ni wa Kirando, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye joto na samaki. Nilipoolewa Mpui nikakuta watu wamejifunika mablanketi mchana kweupe, nikajua kijiji kizima kinaumwa. Nililia mpaka baba yao Flavian akataka kunirudisha kwetu." Alinyoosha shuka la Vicent lililokuwa limejikunja. "Sikurudi. Ila hakuna aliyeniuliza kama naogopa. Basi mimi nakuuliza."

"Naogopa, mama," Kristiana alisema. "Lakini nataka kwenda."

"Haya. Obrigada."

Kristiana akacheka, na yule mzee naye akacheka, ingawa mara hiyohiyo alijifuta macho kwa pembe ya kitenge na kulaumu moshi, wakati jiko lilikuwa halijawashwa.

Miezi iliyobaki walilala sebuleni, na ilipita kwa ushonaji, masomo ya Kireno na mikono ya watu. Cherehani Kristiana alimwachia mke wa Vicent, kwa kuwa padri alisema kule itapatikana nyingine. Shamba likabaki kwa bibi Mary, ambaye alishaanza kulisema vibaya lilivyopaliliwa.

Januari ilipofika walipanda basi la Tunduma, ambako wangeunganisha safari ya Malawi na kuendelea hadi Tete. Mvua ilikuwa inanyesha, mahindi yamesimama kijani pande zote mbili za barabara. Stendi kwaya iliwaimbia hadi dereva akapiga honi. Flavian alilia waziwazi, na sauti yake ikasikika juu ya kwaya. Kristiana hakulia. Alilia baadaye, walipopita Laela, dirisha limejaa ukungu na hakuna anayemwangalia isipokuwa Victoria, aliyemshika mkono na kunyamaza, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Mama mmoja aliyekaa kiti cha upande wa pili, amepakata kapu la maharage, alimsubiri amalize. Kisha akamuuliza anakwenda wapi.

"Nakwenda kuishi Msumbiji," Kristiana alisema.

"Unamjua mtu huko?"

"Bado," alisema, akajifuta uso, akamgeukia vizuri. "Wewe unatoka wapi, dada?"

Waliongea mpaka Tunduma.